FURAHA HAINGOJI DESEMBA

(Maongezi ya mwalimu wa kisomo kwa wahitimu wa vijiji vya mlimani, Moshi)



 Najua mmetoka mbali. Wengine mmeacha ng'ombe hawajakatiwa majani. Wengine leo ni zamu yenu ya maji ya mfongo. Kwa hiyo sitawaweka sana.

Mara nyingi tukikutana tunazungumza mambo mazito. Tunazungumza juu ya mbolea, chanjo za watoto, bei ya kahawa na mmomonyoko wa udongo. Hayo ni ya lazima na tutaendelea nayo. Lakini leo nataka tuzungumze juu ya furaha. Sina maana ya furaha ya harusi au ya ubatizo. Nina maana ya furaha ndogo ndogo za kila siku, zile zinazopita mlangoni asubuhi na sisi tumeinamisha kichwa.

Mtaniuliza, "Mwalimu, hilo nalo ni somo?" Ndiyo, ni somo. Nitaeleza.

TUNANGOJA DESEMBA

Sisi watu wa mlimani tuna desturi moja. Ukifika mwezi wa Desemba watoto wetu wanarudi nyumbani. Wanatoka Dar es Salaam, Arusha, Mwanza, na wengine Nairobi. Barabara zinajaa mabasi. Mbuzi wanachinjwa. Nyumba iliyokuwa na watu wawili inakuwa na watu kumi na watano. Bibi anacheka mpaka anashika mbavu.

Halafu Januari inaingia. Wote wanaondoka. Babu na bibi wanabaki na mbwa na migomba. Ukiwauliza, "Hamjambo?" wanajibu, "Tupo tu."

Tupo tu! Miezi kumi na mmoja ya "tupo tu", na mwezi mmoja wa kuishi. Ndugu zangu, hesabu mmejifunza hapa hapa. Haya, pigeni. Mtu akiishi hivyo kwa miaka 60, ameishi miaka mingapi? Ameishi miaka 5. Hiyo ni hasara kubwa kuliko hasara ya kahawa.

Sisemi Desemba ni mbaya. Mimi mwenyewe naipenda. Nasema tu kwamba furaha haingoji Desemba.

MLIMA UKIVUA WINGU

Tuanze na kitu ambacho kila mtu hapa anacho bure. Asubuhi na mapema, kabla mawingu hayajapanda, Kibo huonekana wazi. Urefu wake ni mita 5,895. Afrika nzima hakuna mlima mrefu kuliko huo. Watu wanapanda ndege kutoka Ujerumani na Marekani, wanalipa fedha nyingi waje kuuona. Na siku nyingine wanafika, wanakuta umejifunika wingu gubigubi. Sisi tunaamka nao. Lakini nani kati yenu leo asubuhi aliinua macho akautazama? Nyosheni mikono. (Kicheko.) Naona mikono mitatu.

Wazee wetu wa zamani waliutazama sana. Ndiyo maana wakautungia hadithi. Mnaijua. Kibo na Mawenzi walikuwa majirani. Mawenzi alikuwa mvivu, moto wake ukizimika haoni taabu. Akaenda kwa Kibo kuomba kaa la moto. Akamkuta Kibo anatwanga ndizi kavu, akapewa na chakula juu. Mawenzi akaona, kumbe hapa pana faida! Njiani akauzima moto, akarudi tena. Akapewa tena. Aliporudi mara ya tatu, Kibo alishikwa na hasira akamtwanga kwa mchi. Ndiyo sababu mpaka leo Mawenzi amechongoka na kujaa makovu. Kila kijiji kina namna yake ya kuisimulia. Mimi kila jirani anapokuja kuomba chumvi kwa mara ya tatu, natazama kule kwa Mawenzi, nacheka moyoni. (Kicheko.) Lakini chumvi nampa.

Liko na jambo jingine la kuchekesha. Mwaka 1848 mmisionari mmoja kutoka Ujerumani, Johannes Rebmann, aliuona weupe ule wa juu. Mtu aliyekuwa akimwongoza njia alimwambia kwamba ile ni "baridi" tu. Rebmann akaelewa kuwa ni theluji, akaandika habari hiyo. Habari zilipofika Ulaya, baadhi ya wasomi walikataa kabisa. Walisema theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Walikuwa na vitabu vingi, lakini mlima hawakuuona hata siku moja. Yule mwongozaji alikuwa na macho yake. Basi sisi ambao sasa tunajua kusoma, tusiyasahau macho.

Tena tusichelewe. Wataalamu wamepima barafu ya Kibo. Zaidi ya sehemu nne katika tano za barafu iliyokuwapo mwaka 1912 zimekwisha yeyuka. Mwonyeshe mjukuu wako sasa. Mwambie, "Tazama, mlima umevua wingu." Huenda yeye akizeeka atakuwa na la kusimulia tu.

MAANDISHI YANAYOTEMBEA

Mwaka 1970 wilaya yetu ya Kilimanjaro iliwekwa katika wilaya sita za kwanza za kufuta ujinga wa kutojua kusoma na kuandika. Nyingine zilikuwa Mafia, Ukerewe, Masasi, Pare na Rungwe. Wazazi wetu walisoma baada ya kazi za shamba, wamechoka. Walisoma ili walime vizuri na wasipunjwe kwenye mizani. Hilo lilikuwa jema. Lakini kusoma kuna utamu wake pia.

Mama mmoja wa darasa letu alikuwa na kanga aliyoipenda sana kwa rangi yake. Aliivaa miaka mingi. Aliivaa kanisani, aliivaa msibani, aliivaa hata siku alipokwenda kuwapatanisha mashemeji zake waliogombana. Alipojua kusoma, jioni moja aliitandaza kitandani akasoma herufi moja moja. Imeandikwa: "Hata ukinichukia la kweli nitakwambia." (Kicheko kikubwa.) Akasema, "Kumbe ndiyo sababu wale mashemeji walininunia!"

Tangu siku hiyo mama huyu hakosi kicheko njiani. Akienda sokoni Kiboriloni au Mwika anasoma kanga za wenzake. Anasoma maneno nyuma ya daladala. Anasoma majina ya vibanda. Zamani njia ile ilikuwa ndefu, mzigo kichwani, jua utosini. Urefu wa njia ni ule ule. Lakini sasa anatembea na maandishi yanayomsemesha.

Ndugu mwanakisomo, ukirudi leo nyumbani, soma kanga tatu. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ninayokupa.

KIHAMBANI NAKO

Sasa tuingie kihambani. Kahawa ilianza kupandwa Kilema na wamisionari mwaka 1898. Tangu hapo tumeihesabu kwa kilo na kwa shilingi. Hilo si kosa, maana imesomesha watoto. Lakini mvua ikinyesha baada ya kiangazi, siku chache baadaye mibuni hutoa maua meupe, na kihamba chote kinanukia. Nyuki wanajaa. Maua hayo hayakai, baada ya siku mbili tatu yananyauka. Fedha ya kahawa utaingoja miezi mingi, na bei hujui itakuwaje. Harufu ile ni ya siku hiyo hiyo, na hakuna anayeipunguza bei. Simama kidogo. Vuta pumzi. Mwite na mwenzako aje anuse.

Mtazame kinyonga. Wengi wetu tunamwogopa, watoto wanampiga mawe. Muacheni, hana sumu. Mtazame macho yake. Jicho moja linatazama mbele, jingine linatazama nyuma, kama mama anayelinda ndizi zake sokoni huku anafuatilia ugomvi wa pili. (Kicheko.) Huku mlimani kuna aina ambayo dume lake lina pembe mbili puani. Akitembea anapiga hatua moja, anayumba, anafikiri kwanza, ndipo anapiga nyingine. Ukimtazama kwa dakika tano utacheka peke yako.

Watazameni na watoto kwenye mfongo. Wanachukua gome la mgomba, wanalifanya mashua, wanaliachia maji. Wanakimbia kando kando wakishangilia mashua ya nani itatangulia. Sisi tunapita na jembe tunawakemea, "Tokeni huko!" Siku moja usikemee. Uliza, "Ya kwako ni ipi?" Uone uso wa mtoto huyo.

MZIGO NA NGATA

Sasa yupo atakayesema, "Mwalimu, mimi nina mgonjwa ndani. Nina deni. Kinyonga atanisaidia nini?"

Swali hilo ni la haki. Kicheko hakilipi deni. Mgonjwa apelekwe zahanati, asichekeshwe tu. Bei ya kahawa ikiwa mbaya, tukaulize kwenye mkutano wa ushirika. Mtu asije akatuambia tucheke ili tunyamaze.

Lakini akina mama mnajua kubeba mkungu wa ndizi. Kabla ya kuuweka kichwani mnaweka nini? Ngata. Majani makavu ya mgomba, mnayazungusha, mnaweka utosini. Je, ngata inapunguza uzito wa mkungu? Hata kidogo. Lakini bila ngata hufiki sokoni. Basi furaha ndogo ni ngata. Mzigo unabaki ule ule, ila kichwa kinaweza kuubeba.

HABARI ZA NYUMBANI

Nimebakiza jambo moja, na ndilo kubwa.

Zamani wengi walikuja kwangu niwaandikie barua za watoto wao mjini. Barua zote zilifanana. "Mwanangu, mvua hakuna. Ng'ombe amekufa. Mguu unaniuma. Tuma fedha." Siku hizi mnaandika wenyewe, na wengi mnapiga simu. Lakini habari ni zile zile. Matokeo yake ni nini? Kijana wa mjini akiona namba ya nyumbani kwenye simu, moyo unampiga. Anasema, "Leo kuna nini tena?" Siku nyingine haipokei. Anawapenda, lakini amechoka kuogopa.

Matatizo tuwaambie, maana ni watoto wetu. Lakini nyumbani si matatizo matupu. Tuwape na yale mengine. Andika hivi: "Mwanangu, hatujambo. Jogoo wetu amekuwa mwongo. Anawika saa nane za usiku. Baba yako anaamka, anavaa viatu, anafungua mlango, anakuta giza, anarudi kulala amenuna. Mibuni imetoa maua. Mguu bado unauma, ukipata nafasi utusaidie dawa."

Umeona? Dawa umeomba vile vile. Lakini kijana huyo atacheka. Atawasomea wenzake. Jioni atapiga simu kuuliza, "Mama, jogoo yule hajambo?" Na mtu anayeuliza habari za jogoo mwezi wa Mei, Mei hiyo kwenu si "tupo tu" tena.

KAZI YA NYUMBANI

Nawaombeni mfanye mambo matatu:

1. Kila asubuhi, kabla ya kushika jembe, toka nje utazame mlima. Ukiwa na wingu, tazama kitu kingine.

2. Weka daftari. Kila jioni andika jambo moja dogo lililokufurahisha au kukuchekesha. Sentensi moja yatosha. Hapo hutasahau kuandika, na utakuwa na habari ya kumpa mtu.

3. Kila wiki mpelekee mtu mmoja habari moja kutoka daftari hilo. Awe mtoto aliye mbali, au jirani mzee anayekaa peke yake.

Tukikutana tena kila mmoja aje na daftari lake, tusomeane. Nimemaliza. 

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini mwalimu anasema kuishi kwa kungoja Desemba ni hasara?

2. Ngata inafanya kazi gani? Mwalimu anaifananisha na nini?

3. Taja jambo dogo lililokuchekesha wiki hii. Ulimweleza nani?