Si la Sasa Hivi, ni la Siku Zote

Haya ni mazungumzo tuliyoyatoa, sisi walimu wa darasa la jioni, mbele ya wanachama wanaojifunza Kiingereza. Tumeombwa yachapwe gazetini ili na wenzetu walio mbali wayapate.



Twawashukuru kwa kuja baada ya kazi za mchana kutwa. Jambo tulilowaitia leo ni dogo kwa kulitazama, lakini limewakwaza wengi, hata waliosoma miaka mingi. Ni ule wakati wa kitendo ambao Waingereza wauita Simple Present. Sisi tutauita wakati wa kawaida, na mkisikiliza mtaona kwa nini.

Najua wako watakaouliza: chama cha wananchi chafundisha Kiingereza kwa sababu gani? Je, hatukusema kwamba Kiswahili ndicho lugha yetu? Tulisema, na twasema tena. Lakini kujua lugha ya mgeni si kuitupa lugha ya mama. Mwaka 1955 Mwalimu Nyerere alikwenda New York kuitetea Tanganyika mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, na huko alisema Kiingereza ili asikiwe. Mwaka 1962, Tanganyika ilipokuwa Jamhuri, yeye yule alilihutubia Bunge kwa Kiswahili. Mwaka 1963 ikatoka tafsiri yake ya Julius Caesar, mchezo wa Shakespeare. Mtu huyo hakutawaliwa na Kiingereza; alikitumia.

Tena ni kweli kwamba mwaka 2021 sheria ya Tanzania ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Hilo ni jema sana. Lakini mikataba mingi ya kazi, maelezo mengi ya dawa na vitabu vya sekondari vingali kwa Kiingereza. Karatasi usiyoielewa ndiyo bwana wako. Basi tuanze.

SI WAKATI WA SASA HIVI

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba wakati huu waeleza jambo linalotendeka sasa hivi. La hasha! Kwa sehemu kubwa waeleza jambo lililo desturi, kanuni, kweli au hali ya kudumu.

Tutazame lugha yetu kwanza. Ukisema, "Mama Asha anauza samaki," twaweza kuelewa mambo mawili: kwamba sasa hivi yuko sokoni anauza, au kwamba kuuza samaki ndiyo kazi yake. Kiswahili kinatuachia tupambanue wenyewe kwa maneno mengine. Kiingereza chataka upambanue palepale. "She is selling fish" ni sasa hivi, samaki wako mbele yake. "She sells fish" ni kazi yake, hata kama saa hii amelala nyumbani.

Lakini msiogope, maana sisi tunayo silaha ambayo watu wengi hawana. Tunayo "hu". Twasema, "Mama Asha huuza samaki," "Jua huchomoza mashariki," "Maji huchemka." Basi mahali pengi ambapo Kiswahili safi kingeweka "hu", Kiingereza huweka wakati wa kawaida: "The sun rises in the east." "Water boils." Kabla hujafungua kinywa jiulize: naweza kutia "hu" hapa? Ukiweza, sema kwa wakati wa kawaida, na mara nyingi hutakosea.

Sasa tuone hasara ya kutolijua hili. Mtu yuko kwenye mlolongo wa kutafuta kazi. Anaulizwa, "What do you do?" Naye, akidhani anaulizwa anafanya nini pale, anajibu, "I am standing here," yaani amesimama. Watu wanacheka, na kazi inapewa mwingine. Kumbe swali lilikuwa, "Kazi yako ni nini?" Jibu lilikuwa jepesi: "I drive lorries," hunena dereva, "I build houses," hunena mwashi.

Au mtu anaulizwa habari ya nyumba yake, na mambo ya nyumba ni mazito. Akisema "I live here," amesema kwamba hapa ndipo makao yake. Akisema "I am living here," Mwingereza aweza kuelewa kwamba yupo kwa muda tu, kama mpangaji atakayehama. Nyumba ni ileile na mtu ni yuleyule. Yeye mwenyewe kwa ulimi wake amejifanya mgeni.

HERUFI MOJA YENYE KAZI

Sasa tuje kwenye umbo lake. Katika Kiswahili kila kitendo huvaa kofia ya mwenyewe: nataka, wataka, ataka, twataka, mwataka, wataka. Zamani Kiingereza nacho kilikuwa na viambishi vingi vya namna hiyo mwishoni mwa kitendo. Vingi vimekufa. Katika vitendo vya kawaida, wakati huu umebakiwa na kimoja tu, nacho ni herufi "s".

"I want, you want, we want, they want." Kote huko hakuna "s". Lakini kwa mmoja anayesemwa, awe mtu au kitu, twasema "he wants, she wants, it wants". Mwanafunzi akiiacha "s" hiyo, ni kama mtu aliyesema "mtoto taka" badala ya "mtoto ataka". Twamwelewa, lakini masikio yanauma.

Vitendo vingine huongeza "es": "go" huwa "goes", "watch" huwa "watches". "Carry" huwa "carries". "Have" hubadilika ikawa "has".

Tena kumbukeni fumbo hili. "S" ikiwa kwenye jina, mara nyingi yaonyesha wengi; ikiwa kwenye kitendo, yaonyesha mmoja. "The worker works": mfanyakazi mmoja. "The workers work": wafanyakazi wengi. Iko kama mpagazi mmoja. Akienda huku, kule hayuko. Ila mjihadhari na majina ya wengi yasiyo na "s", kama "people" na "children". Twasema "The people demand," yaani watu wadai, wala si "demands", kwa kuwa watu ni wengi.

KUULIZA NA KUKANA

Hapa ndipo darasa letu huanguka wiki hata wiki. Ukitaka kuuliza au kukana, waita msaidizi, naye ni "do", au "does" kwa mmoja anayesemwa. Msaidizi akija, yeye ndiye aibebaye ile "s". "He pays" ni analipa kwa kawaida. "Does he pay?" ni kuuliza. "He does not pay" ni kukana. Msiseme "Does he pays?" Mzigo mmoja hauhitaji wapagazi wawili.

Angalieni pia neno "never", yaani kamwe. Kiswahili hukana mara mbili: "Hachelewi kamwe." Kiingereza hukana mara moja tu: "He never comes late." Ukisema "He does not never come late," umekanusha kukanusha kwako, na msikilizaji aweza kuelewa kwamba mara nyingine huchelewa.

Maneno yanayopenda kuandamana na wakati huu ni "always", siku zote; "usually", kwa kawaida; "often", mara nyingi; "sometimes", mara nyingine; na "every month", kila mwezi. Mkisoma mkataba, yatafuteni kwa kidole. Mshahara ulioandikwa kwa "every month" si sawasawa na ule wa "sometimes".

VITENDO VYA MOYONI

Viko vitendo ambavyo si kazi ya mikono bali ni hali: kujua, kutaka, kuamini, kuhitaji, kumiliki. Hivi, katika maana hizo, huwekwa katika wakati wa kawaida hata kama jambo liko sasa hivi. Kwa sababu sisi twasema "ninajua" na "ninataka", wengi hutamka "I am knowing" na "I am wanting". Si Kiingereza. Semeni "I know." Semeni "We want." Na kijiji chenye ardhi yake hakisemi "This land is belonging to us." Husema "This land belongs to us." Yaani ni yetu: jana, leo na kesho.

Tena, baada ya "when" na "if" zenye maana ya wakati ujao, tumieni wakati huuhuu. Sisi twasema, "Akija tutamwambia." Wao husema, "When he comes, we will tell him." Msitie "will" mara mbili. Kadhalika kwa safari zilizopangwa: "The train leaves at nine tomorrow," treni huondoka kesho kwa saa iliyoandikwa kwenye ratiba.

NENO LINALOFUNGA

Sasa tumefika mahali penye uzito. Viko vitendo ambavyo ukivitamka au ukivitia sahihi, umekwisha kutenda. "I agree" si "nitakubali", wala si "nafikiri kukubali". Ni "nimekubali hapa hapa". "I promise": nimekwisha ahidi. "I accept": nimepokea. Karatasi ikisema "The employee agrees", na mfanyakazi huyo ni wewe, basi sahihi yako ndiyo kukubali kwenyewe. Ikisema "The borrower owes", yasema kwamba deni lipo, si kwamba litakuja.

Kwa hiyo, ndugu zetu mnaosafiri kutafuta kazi ng'ambo, na ninyi mnaokopa fedha, kabla ya kutia sahihi fanyeni hivi. Tafuteni kila kitendo cha wakati wa kawaida. Ulizeni: nani mtendaji? Ni "the employer", mwajiri, au ni "the employee", mwajiriwa? Maneno hayo mawili yafanana kama mapacha, yakatofautiana mwishoni tu. "The employer pays the fare" yasema tajiri ndiye alipaye nauli. "The employee pays the fare" yasema ni wewe. Msipoelewa, msiharakishe. Aliyekuletea karatasi aweza kungoja siku moja. Jina lako likishaandikwa halifutiki kwa mate.

WAKATI WA HAKI

Wakati huu unaofunga mtu ndio huohuo unaotangaza haki zake. Tarehe 10 Desemba, 1948, Umoja wa Mataifa, ukikutana Paris, ulipitisha Tangazo la Haki za Binadamu lenye vifungu 30. Vifungu vingi humo vyaanza kwa maneno mawili: "Everyone has", yaani kila mtu ana.

Tuyapime maneno hayo mawili kwa tuliyojifunza. Kwa nini "has" na si "have"? Kwa sababu "everyone", ingawa yawahusu watu wote wa dunia, yawahesabu mmoja mmoja. Kila mmoja anayo haki yake. Hakuna anayemezwa na wingi. Na kwa nini "has" na si "will have"? Kwa sababu waandishi hawakusema kwamba kila mtu atakuwa na haki atakapostaarabika, au atakaposoma, au mkubwa atakapopenda. Walisema anayo. Kama jua huchomoza mashariki, ndivyo mtu ana haki.

Lugha za watawala zilipenda sana "will". Mtapewa, mtaona, wakati wenu utafika. Aliyejua tofauti ya "will have" na "has" aliweza kusimama akajibu: hatuombi kupewa, twasema ni chetu. Kujua tofauti hiyo ni sehemu ya kujikomboa, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili pia.

KAZI YA WIKI HII

Basi kila mmoja aandike sentensi kumi juu ya kazi yake na nyumba yake kwa wakati wa kawaida: tano za kukubali, tatu za kuuliza, mbili za kukana. Kila mmoja alete pia karatasi moja ya Kiingereza iliyomhusu, iwe stakabadhi, barua au mkataba. Tutazisoma pamoja, tukitafuta ile "s" na mwenyewe. Wale wanaojua wakae na wasiojua, na asiwepo wa kumcheka mwenzake, kwa maana hapa sote tu wanafunzi.

Kinachosomwa mara moja husahauliwa. Kinachosomwa kila siku hukaa. Nalo hilo, ndugu, ni "hu".