RAMANI INAYOTEMBEA: TUFUATILIE MAGARI, TUSIFUATILIE WATU

Hotuba ya walimu wa shule za kambi, Siku ya Wakimbizi Duniani, 20 Juni



Siku ya leo iliadhimishwa kwanza kama Siku ya Wakimbizi Afrika, na tangu mwaka 2001 dunia nzima inaiadhimisha pamoja nasi. Kwa kawaida tunaimba, tunacheza ngoma na kusikiliza risala. Mwaka huu Kamati imetuomba sisi walimu tueleze jambo linalozungumzwa sana katika mikutano ya zoni: je, kambi yetu inaweza kujitengenezea mtambo wa gharama ndogo wa kuonyesha kwenye ramani, saa ileile, gari la wagonjwa liko wapi na gari la maji limefika wapi? Jibu letu ni ndiyo. Lakini upo mpaka ambao hatutaki uvukwe, na tunaomba mtuvumilie tuueleze.

HAJA YENYEWE

Haja hii haihitaji mtaalamu wa kuieleza. Mgonjwa akizidiwa usiku, ndugu yake anakimbia kwa sungusungu, sungusungu anapiga simu, na dereva anauliza: "Ni wapi?" Anajibiwa: karibu na kanisa, ukipita mwembe, nyumba ya pili. Makanisa ni mengi na miembe ni mingi. Mama mwenye uchungu wa kuzaa hawezi kungoja maelezo hayo. Tena waliopiga simu hawajui kama gari limekwisha kuondoka, wala kama wangoje au wampakie mama kwenye baiskeli.

Gari la maji ni vivyo hivyo. Ndoo zinapangwa foleni tangu alfajiri, na watoto wanaozilinda wanakosa vipindi. Sisi tunaoita majina asubuhi tunaziona nafasi zao darasani.

KAZI INAVYOFANYIKA

Wengi wanaamini kwamba setilaiti zinatuona. Sivyo. Setilaiti za GPS ni za serikali ya Marekani, na mpango wake ulitangazwa kukamilika mwaka 1995 ukiwa na setilaiti 24. Zinazunguka dunia kwa kimo cha kilomita 20,200 hivi. Kila moja inatangaza, kama kituo cha redio, mahali ilipo na saa yake. Chombo kilichoko mkononi mwako kinasikiliza tu. Kikizisikia setilaiti nne au zaidi, kinapima kila tangazo limechukua muda gani njiani, yaani karibu sehemu saba za mia za sekunde, na kwa hesabu ya umbali kinajua kilipo. Hakipeleki neno lolote juu. Hadi Mei 2000 vipimo walivyopewa raia vilipotoshwa kwa makusudi, vikaweza kukosea kiasi cha mita 100. Tangu upotoshaji huo ukomeshwe, simu ya kawaida iliyo mahali pa wazi hukosea mita chache tu.

Basi kufuatiliwa hakuanzii angani. Kunaanza pale chombo kinachosikiliza kinapounganishwa na chombo kinachosema. Tulishike jambo hili, kwa sababu mpaka tutakaoutaja umejengwa juu yake.

Mtambo tunaouzungumzia una sehemu tatu. Ya kwanza ni simu janja ya zamani, hata iliyopasuka kioo, iliyofungwa ndani ya gari na kuchajiwa kwa betri ya gari hilo. Ya pili ni kompyuta inayopokea taarifa, yaani seva. Tunaweza kutumia programu iitwayo Traccar, ambayo ina sehemu ya kuwekwa kwenye simu na sehemu ya kuwekwa kwenye seva. Ya tatu ni ramani yenyewe, na hapo ipo OpenStreetMap, ramani ya dunia iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 na ambayo mtu yeyote anaweza kuichora na kuitumia bila malipo.

Wanafunzi, tufanye hesabu. Gari likituma taarifa kila baada ya sekunde 30, kwa siku nzima litatuma mara 2,880. Tukikadiria baiti 500 kwa kila taarifa, jumla ni baiti 1,440,000, yaani karibu megabaiti moja na nusu. Picha moja mnayotumiana kwa simu inaweza kuzidi hapo. Ndiyo maana tunasema gharama ni ndogo: simu kuukuu, kifurushi kidogo cha data, seva ya kukodi, na televisheni moja ya kuonyeshea.

Mahali ambapo mtandao wa simu haufiki kuna njia ya pili, nayo ni redio ndogo za LoRa. Hizi hutuma maneno machache kwa umbali wa kilomita kadhaa kwa nguvu ndogo ya betri, bila laini wala vocha. Mradi wa Meshtastic, ulioanza mwaka 2020, umeandika programu ya kuziwezesha redio hizo kupokezana taarifa mpaka ziifikie ya mwisho. Lakini redio inataka kibali cha serikali iliyotupokea, na bila kibali hatutagusa hata waya.

KWA NINI PROGRAMU HURIA

Programu huria ni ile ambayo maandishi yake ya ndani yako wazi, na yeyote anaruhusiwa kuyasoma, kuyatumia, kuyabadili na kuyagawa. Ni kama mbegu ambayo mkulima anaruhusiwa kuipanda tena na kumgawia jirani. Mbegu nyingine ukivuna, lazima urudi dukani. Sote tumeona miradi mizuri ikifungwa, na mitambo yake ikaondoka pamoja na magari meupe. Programu huria haiondoki na mhisani. Kijana aliyejifunza kuitengeneza hapa anaweza kuitengeneza Uvira, Bujumbura au popote Mungu atakapompeleka.

Wala sisi si wa kwanza. Kenya, Januari 2008, wakati wa machafuko ya baada ya uchaguzi, watu wachache waliandika programu ya kupokea habari za wananchi na kuziweka kwenye ramani, wakaiita kwa neno letu wenyewe: Ushahidi. Mwaka 2009 vijana wa Kibera walitembea na vipokezi vya GPS wakachora mtaa wao, ambao kwenye ramani za watu wote ulikuwa kama uwanja mtupu. Baada ya tetemeko la Haiti la tarehe 12 Januari 2010, watu wa kujitolea kutoka nchi nyingi walichora barabara za Port-au-Prince ndani ya siku chache, na waokoaji wakazitumia. Na Dar es Salaam, kuanzia mwaka 2015, mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi wenyewe kuchora mitaa na mifereji ya sehemu zinazokumbwa na mafuriko.

MPAKA WENYEWE

Sasa tuje kwenye mpaka. Katika mikutano ya zoni yametolewa mawazo mengine kwa nia njema. Wapo waliosema akina mama wanaokwenda kuni wapewe vifaa, ili wakipatwa na baya porini waonekane. Wapo waliosema watoto wavalishwe, wasipotee. Wengine wakasema kila kaya iwekwe kwenye ramani pamoja na jina la mkuu wa kaya.

Hapo tunasema hapana, na tunazo sababu.

Ramani inayomwonyesha mlinzi mahali mama alipo, inamwonyesha pia mbakaji aliyeiba simu ya mlinzi, au aliyempa mlinzi fedha. Njia ya kuni ikirekodiwa mwezi mzima, mtu hahitaji kumfuata mama; atatangulia na kumngoja.

Msidhani kwamba wenye nguvu wanajua kuficha. Januari 2018 iligundulika kwamba ramani iliyotangazwa na kampuni ya Strava, inayorekodi mazoezi ya watu wanaokimbia, ilionyesha njia za ndani za kambi za kijeshi, kwa sababu askari walikimbia wakiwa wamevaa vifaa vyao. Na Januari 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wadukuzi waliingia kwenye seva zenye taarifa za watu zaidi ya 515,000, wakiwemo waliopotezana na jamaa zao. Msalaba Mwekundu ni watu waangalifu, na bado yaliwapata. Sisi, kwa seva ya kukodi na fundi mmoja wa kujitolea, tutajidai tunaweza zaidi?

Wazee wetu wa Maziwa Makuu wanajua jambo la zamani zaidi. Kitambulisho chenye kabila, ambacho wakoloni walikianzisha Rwanda miaka ya 1930, kilisomwa kwenye vizuizi vya barabara mwaka 1994. Aliyekiandika na aliyekisoma kizuizini hawakujuana. Hatusemi haya kwa siasa. Tunakumbusha kwamba orodha huishi kuliko nia ya aliyeiandika, na kwamba wengi wetu tupo hapa kwa sababu kuna mtu ambaye hatukutaka ajue tulipo.

MAPENDEKEZO

Kwa hiyo tunaiomba Kamati, Mkuu wa Kambi na mashirika wakubali haya:

1. Kibali kitangulie kazi. Kila kifaa kiandikwe na kijulikane na Mkuu wa Kambi.

2. Tuanze na ramani isiyotembea. Wanafunzi na wenyeviti wa vijiji wachore barabara, madaraja, mabomba, zahanati na shule, na kila njia ipewe namba inayosomeka kwenye kibao. Dereva ajibiwe kwa namba. Hata umeme ukikatika, kibao kitabaki. Nyumba ya mtu isiandikwe jina, kwa kuwa kilichokwisha kuwekwa kwenye ramani ya dunia ni vigumu kukirudisha.

3. Kifaa kiwe cha gari, kisiwe cha dereva. Dereva naye ni mtu; akimaliza zamu, kifaa kibaki garini.

4. Gari la maji lionekane na watu wote kwenye televisheni ya ofisi ya Kamati. Gari la wagonjwa lionekane zahanati na kituo cha sungusungu tu, maana gari hilo likisimama mlangoni mwa mtu linatangaza ugonjwa wake. Magari ya chakula yasionyeshwe kabisa.

5. Safari zifutwe kwenye seva kila baada ya siku 7. Kisichokuwepo hakiibiwi.

6. Ufunguo wa seva ushikwe na watu watatu, mmoja wao awe mwanamke aliyechaguliwa na akina mama wenzake, na kila aliyefungua aandikwe.

Kuhusu akina mama wa kuni, dawa ya hatari yao ni majiko yanayotumia kuni chache, kwenda kwa makundi, na doria kwenye njia zinazojulikana. Dawa hizo zina gharama kuliko kifaa, na tunaomba mashirika yasizikwepe kwa kutuletea kifaa.

Walimu tumejitolea kufundisha uchoraji wa ramani na utunzaji wa seva siku za Jumamosi, wasichana na wavulana kwa idadi sawa. Tunachohitaji ni simu nne kuukuu, chumba chenye umeme wa jua, na kauli ya Kamati juu ya mapendekezo haya sita. Kauli hiyo itangulie simu.