Faili Halianzii Ottawa: Kusoma maandishi ya maafisa wakati ombi la kazi Kanada lingali mezani

Mada kwa semina ya wasaidizi wa kisheria, Garissa



Nina karatasi mbili mkononi. Ya kwanza ni cheti cha kuzaliwa cha muuguzi wa hapa mjini ninayemsaidia na ombi lake la kuhamia Kanada kama mfanyakazi mwenye ujuzi. Cheti kinasema alizaliwa tarehe 1 Januari 1998. Mama yake hiyo Januari haijui. Anachojua ni kwamba alijifungua wakati mto Tana umefurika na mvua za El Niño zinanyesha usiku na mchana, na kadi ya kliniki aliyoihifadhi kwenye sanduku la bati imeandikwa Novemba 1997. Shule ilifuata kadi, chuo cha uuguzi kikafuata shule. Karani wa vyeti, alipoambiwa "mwaka wa mafuriko", aliandika Januari mosi akamwita wa pili kwenye foleni.

Karatasi ya pili imetoka Kanada. Ni ukurasa wa maandishi ya ndani ya faili lake, na afisa ameandika mstari mmoja na nusu: tarehe ya kuzaliwa haioani kati ya cheti na karatasi za shule, mwombaji aulizwe. Hakuna aliyemuuliza. Kwa miezi kumi na mmoja kijana huyu aliamini faili limekwama kwa wanausalama kwa sababu jina lake ni la Kisomali. Kumbe limekwama kwa Januari.

Faili la mtu wa Garissa, basi, halianzii Ottawa. Linaanzia kwa karani wa kwanza aliyemwandika jina. Anayetaka kuelewa maandishi ya afisa wa Kanada awe kwanza amezisoma karatasi zake mwenyewe kwa jicho la mtu asiyemjua.

Idara ya uhamiaji ya Kanada hutumia mfumo wa kompyuta uitwao GCMS. Karani aliyeko Sydney, mji wa Nova Scotia ambako maombi ya wenye ujuzi hupokelewa, na afisa aliyeko ng'ambo huandika humo humo, kila mmoja akimwachia mwenzake ujumbe. Wauguzi mlioko hapa mnalijua jambo hili kuliko mimi: ni kitabu cha ripoti ya zamu. Wa mchana anamwandikia wa usiku, kwa vifupisho, akiwa amechoka. Mgonjwa akikichungulia atasoma "kitanda cha 4, aangaliwe" na usiku huo hatalala, kumbe ilikuwa ni dripu tu ya kubadilishwa.

Zamani haki ya kuomba nakala ilikuwa ya raia wa Kanada, mkaazi wa kudumu, au mtu aliyeko nchini humo. Ndiyo maana wengi walimtegemea binamu wa Toronto au Edmonton: anatumiwa fomu ya idhini, analipa dola 5 chini ya sheria yao ya kupata habari, anangoja. Julai 2022 Kanada ilifungua sheria yake ya faragha kwa walio nje pia, kwa hivyo mwombaji anaweza kuomba taarifa zake mwenyewe akiwa hapa mtaani Bulla Iftin, bila ada. Muda wa kujibu kisheria ni siku 30, ingawa huongezwa. Broka anayetoza maelfu kwa kazi hii anauza maji kando ya mto.

Nakala ikifika, kurasa nyingi ni majibu ya fomu uliyoijaza mwenyewe. Zisome hata hizo. Kisha tafuta hatua: ukamilifu wa ombi, sifa, afya, rekodi ya jinai, usalama. Kila hatua ina neno lake. "Passed" halina utata. "Not started" ni kwamba foleni haijakufikia. Linalowatia watu homa ni "Review required", na maana yake ni kwamba binadamu anatakiwa kulitazama jambo hilo, si kwamba kuna kosa.

Nitakaa zaidi kwenye sifa, kwa kuwa hapo ndipo maisha ya huku na fomu ya kule hugongana. Mpango wa wafanyakazi wenye ujuzi wa serikali kuu unadai alama 67 kati ya 100: lugha inaweza kukupa hadi 28, elimu 25, uzoefu wa kazi 15. Alama za uzoefu husimama juu ya barua ya mwajiri, nayo sharti ionyeshe majukumu, saa za kazi kwa wiki na mshahara. Nimeona barua ya mistari miwili inayosema fulani ni mchapakazi na mcha Mungu. Nimeona pia orodha ya majukumu iliyonakiliwa neno kwa neno kutoka orodha rasmi ya kazi ya serikali ya Kanada, na afisa akaandika hivyo hivyo, kwamba imenakiliwa. Hii ya pili ndiyo mbaya zaidi. Upungufu hujazwa, lakini harufu ya uongo haitoki kwa urahisi.

Halafu fedha. Asiyekuwa na kazi inayomngoja kule huonyesha akiba, na taarifa za benki za miezi sita. Huku kwetu akiba ina miguu minne. Baba anauza ngamia katika soko la mifugo la Garissa, shangazi anatoa zamu yake ya hagbad, mchango wa mzunguko wa akina mama, na pesa zote zinaingia kwenye akaunti wiki moja. Afisa anaona kilima kimechomoza tambarare, anaandika kwamba chanzo hakijulikani na huenda ni mkopo. Kwa anachokiona, hakosei. Mjibuni kwa karatasi: risiti ya kaunti ya siku ile ya soko, barua ya chifu, kiapo cha baba kwamba ametoa na hadai, na nusu ukurasa wa kueleza hagbad ni nini. Mtu ambaye hajawahi kuona chama cha akina mama kikizungusha pesa hawezi kujibunia.

Majina nayo ni shida ya kila siku. Msomali ana jina lake, la baba na la babu. Fomu inataka jina la ukoo, basi babu anageuka ukoo. Mke anabaki na jina la baba yake, na afisa anauliza kwa nini mume na mke hawafanani majina. Mohamed, Mohammed na Maxamed ni mtu mmoja kwetu, na kwenye kompyuta ni watu watatu. Hati moja ya kiapo inayoorodhesha tahajia zote, ikipakiwa tangu mwanzo, huokoa maswali mengi.

Sehemu ya usalama mara nyingi hurudi nyeupe, imefutwa, pembeni pakiwa na namba ya kifungu cha sheria. Najua mnachokisoma kwenye weupe huo. Wasomali wa Kenya waliopigwa msasa mwaka 1989 na kupewa kadi za rangi ya waridi, ambao watoto wao waliendelea kuketishwa mbele ya kamati ili wapate kitambulisho hadi Rais Ruto alipotia saini kuuondoa msasa huo Februari 2025, wana kila sababu ya kushuku. Hata hivyo sheria yenyewe inaruhusu sehemu hiyo kufichwa, na ukurasa uliofichwa haukuambii ndiyo wala la. Msimwandikie mteja barua ya malalamiko kwa kutegemea nafasi tupu.

Mnaouliza kama maandishi haya yana uzito mahakamani, someni habari ya Mavis Baker, mfanyakazi wa nyumbani kutoka Jamaika. Mwaka 1999 Mahakama ya Juu ya Kanada ilikubali kwamba maandishi ya afisa wa ngazi ya chini ndiyo sababu za uamuzi uliomkatalia, na ikaona yalivyoandikwa yanamfanya mtu wa kawaida ashuku upendeleo. Uamuzi ukabatilishwa. Kwa aliyekataliwa akiwa nje ya Kanada, siku za kuomba ruhusa ya mapitio katika Mahakama ya Shirikisho ni 60, kwa hiyo nakala isingojwe hadi siku ya 59.

Kwa wenzetu wa kambi za wakimbizi za Dadaab, mwaka 2018 Kanada ilianzisha mpango wa majaribio wa EMPP wa kuwachukua wakimbizi kama wafanyakazi wenye ujuzi, na RefugePoint ni miongoni mwa mashirika yaliyotafuta waombaji hapa Kenya. Wao wana karani mwingine wa kwanza, yule wa usajili wa kambini. Idadi ya watoto aliyoiandika lazima ilingane na ya fomu. Na wapo Wakenya, maelfu, ambao wakati wa ukame waliandikishwa utotoni katika kambi za Ifo au Hagadera ili familia ipate chakula. Alama za vidole za baadhi yao zingali kwenye orodha ya wakimbizi. Mtu wa namna hii aeleze mwenyewe, mapema, kwa barua. Anayebainika kudanganya au kuficha jambo la maana hufungiwa Kanada kwa miaka 5.

Karani wa kwanza anaweza kusahihishwa. Ibara ya 35 ya Katiba yetu inampa mwananchi haki ya kupata habari, na haki ya kutaka habari potofu juu yake irekebishwe au ifutwe. Sheria ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ya umma iamue ombi lako ndani ya siku 21, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 imeongeza nguvu. Inashangaza kwamba tunahangaikia kuona faili la Kanada kabla ya kuomba lile la karani wetu lililoko hatua chache kutoka msikitini.

Kuhusu kuomba nakala kila mwezi: hiyo ni buufis, ile homa ya kutamani kuhamia ng'ambo, kwa sura nyingine. Nakala inaonyesha hali ya siku ilipochapishwa, basi. Mara moja baada ya miezi kadhaa ya kimya inatosha.

Yule muuguzi hatukungoja aulizwe. Tulipakia kadi ya kliniki, kiapo cha mama, na maelezo mafupi ya jinsi Januari mosi ilivyozaliwa. Hadi naandika mada hii jibu halijaja.

Sasa zoezi. Ndani ya bahasha iliyo mbele yenu mna nakala ya faili yenye majina ya kubuni. Msiifungue kwanza. Kila mmoja atoe kitambulisho chake, cheti cha kuzaliwa na cheti cha shule kama nilivyoomba mje navyo, aandike jina lake kama lilivyo kwenye kila kimoja, herufi kwa herufi, kisha ampe jirani yake asome.