Mchukuzi na Mashine Penye Kupakia na Kupakua



Ufikapo msimu wa ufuta, na baadaye wa korosho kuanzia Oktoba, malori hupanga foleni penye maghala, toka Nangurukuru hata Lindi mjini. Kazi nyingi bado hufanywa kwa mabega ya watu. Lakini palipo na foklifti, mchukuzi na mashine hugombea njia moja.

Mashine hii si kama gari. Hukata kona kwa magurudumu ya nyuma, hivyo mkia wake hufagia upande ambako mtu amesimama akidhani yu salama. Tena shehena kubwa ikiwa mbele, humziba dereva macho. Basi haitoshi kumwambia kibarua ajihadhari. Itengwe njia ya watu mbali na ya mashine. Mtu asipite chini ya mzigo ulioinuliwa. Na ufunguo wa lori ukae kwa msimamizi wa ghala mpaka wote washuke, maana lori likisogea kabla ya wakati, aliye juu ya shehena huanguka.

Watasema hayo yanachelewesha kazi. Ni kweli, yanachelewesha. Hata kibarua mwenyewe, alipwaye kwa gunia, hukimbia. Lakini ni nani aliyempangia ujira wa kukimbia? Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 imemtwika mwajiri wajibu huu. Vilevile mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza 2015, hutolewa na mwajiri, haukatwi katika ujira.

Miongoni mwetu wamo wenye malori na viongozi wa ushirika. Tunawauliza ninyi kwanza: vibarua wa jana, majina yao yameandikwa wapi?