Vijidudu vya Mafindofindo

Mtoto akiisha kukatwa mafindofindo hospitalini, mathalan pale Bugando, Mwanza, huenda nyama iliyotolewa ikapelekwa maabara, na cheti kikarejea kimeandikwa kwamba ndani yake mmeonekana bakteria. Basi mzazi hufazaika, akayakini kuwa mwanawe angali na maradhi.

Hofu hiyo haina msingi. Uso wa findo una vishimo vinavyopinda ndani kwa ndani mithili ya nyufa za majabali yetu haya ya Mwanza, na humo hukusanyika seli zilizokufa, mabaki ya chakula, na vijidudu vya namna nyingi visivyoudhuru mwili. Mashuhuri miongoni mwavyo ni aktinomisesi, ambayo chini ya hadubini huonekana kama donge la zambarau lenye nyuzinyuzi pembezoni, hata matabibu wa kale wakaidhania kuvu. Mtaalamu alitazamapo donge hilo hutaka kujua jambo moja: limekaa shimoni tu, ama limepenya nyama na kuzua usaha? Likiwa limekaa tu, hapana maradhi wala haja ya dawa. Madhara yake, nayo ni nadra, huja lipatapo njia ya jeraha, kama vile pengo la jino lililong'olewa au taya lililovunjika. Wala ujirani huu si wa jana: mwaka 1683 Mholanzi Antonie van Leeuwenhoek alichokoa utando wa meno yake mwenyewe, akaviona vijidudu vya kinywani vikienda huku na huko.

Wa kuogopwa ni mwingine, bakteria aitwaye streptokoka wa kundi A, ambaye koo lisipotibiwa aweza kuleta homa ya baridi yabisi iharibuyo vali za moyo wa mtoto, ilhali penisilini ya bei nafuu humwangamiza.

Kwa hiyo nawasihi, enyi wazazi: mtoto mwenye homa na koo lenye usaha mpelekeni zahanati, dawa aimalize kama alivyoandikiwa, na msimpeleke kwa mkata kimeo, kwani wembe wake huleta damu nyingi, pepopunda, na pengine mauti, na koo haliponi.