Kompyuta Inayozimika Baada ya Kutengenezwa

Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima, yaliyotolewa na Afisa Elimu

Natumaini mmekwisha kukaa vizuri, na kila mmoja anayo daftari na kalamu. Leo tutavihitaji vyote viwili.

Somo letu ni juu ya kompyuta. Pengine yuko mmoja wenu anayesema moyoni, "Mimi ni mkulima wa maharage na mihogo, kompyuta ni mambo ya ofisini." Lakini ndugu yangu, siku hizi kilo za mazao yako, akiba yako katika kikundi na jina la mtoto wako shuleni huandikwa ndani ya mashine hiyo. Ikiugua, jambo hilo lakuhusu. Basi leo tutazungumza juu ya ugonjwa mmoja tu: kompyuta imetiwa vifaa vipya, na badala ya kupona inazimika mara kwa mara.

Nitawaeleza jambo nililoliona mwenyewe katika ofisi ya kikundi kimoja cha wakulima, huku huku kwetu. Jina la kikundi sitalitaja.

Kompyuta ya ofisi ile ilikuwa imechoka, ikifanya kazi polepole. Fundi akaitwa. Kwa siku moja alifanya mambo matatu: aliongeza kipande cha kumbukumbu, ambacho mafundi hukiita ramu, alibadili sanduku la kugawa umeme, na alibadili feni ya kupoza mashine. Akalipwa, akaenda zake. Siku mbili mambo yalikuwa mazuri. Siku ya tatu, watu wamepanga mstari kupima maharage, kioo kikawa cha buluu, maandishi ya Kiingereza yakatokea, mashine ikajizima na kujiwasha tena. Ikawa hivyo kila siku.

Ubaya haukuwa huo tu. Wakulima walikuja na stakabadhi zao, wakakuta kilo zilizomo ndani ya kompyuta ni pungufu. Mwenyekiti akamwita karani, mama mmoja kijana, akamwuliza mbele ya watu, "Mwanangu, kilo za watu ziko wapi?" Akajibu, "Mzee wangu, mashine inazimika nikiwa naandika." Watu wakaguna. Wengine walisema aachishwe kazi.

Fundi aliitwa tena. Akabadili na diski ya kutunzia kumbukumbu za ofisi. Fedha zikatoka, na mashine ikaendelea kuzimika. Je, kosa lilikuwa wapi? Kosa lilikuwa hili: fundi alibadili vitu vingi kwa pamoja, kisha akaongeza kingine bila kujua kipi ni kibovu. Mtu akila vyakula vitatu vigeni kwa mlo mmoja, tumbo likamwuma, atajuaje kipi kilichomdhuru?

Kamati ikataka kuifungia mashine kabatini. Nchi yetu nayo iliwahi kuzikatia tamaa mashine hizi. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974, baada ya shida zilizotokea katika kuzitumia, Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku hayo yaliondolewa baadaye, na leo tunazitumia kila mahali. Kwa hiyo niliwaomba wazee wa kamati wangoje kidogo, tutafute sababu kwanza.

Sasa sikilizeni vizuri. Yule karani alikuwa amesoma darasa kama hili lenu. Mashine ilipozimika mara ya pili, yeye mwenyewe alianza kuandika katika daftari: tarehe, saa, kazi aliyokuwa akifanya, kama umeme ulikuwapo, na maneno yaliyotokea kwenye kioo. Maneno hayo hakuyaelewa, lakini aliyanakili herufi kwa herufi. Kwa siku kumi mashine ilizimika mara kumi na moja, na zote alikuwa ameziandika.

Tukalisoma daftari pamoja. Je, ni umeme wa TANESCO? La, taa ya ofisi haikuzimika hata mara moja katika saa zile. Je, ni joto? La, mara nne ilizimika asubuhi na mapema, wakati wa baridi, mashine imewashwa punde tu. Je, ni sanduku jipya la umeme? Hilo likiwa bovu, aghalabu mashine hufa ghafla kama taa iliyopulizwa, bila neno lolote. Hii ilionyesha kioo cha buluu kwanza. Tena ilizimika zaidi karani alipofungua orodha ndefu za wanachama, yaani wakati kumbukumbu inapofanya kazi nyingi. Basi tukakishuku kile kipande kipya cha kumbukumbu.

Lakini, ndugu wasikilizaji, kushuku si kujua. Anayeshukiwa hahukumiwi mpaka ushahidi upatikane. Kwa hiyo tulifanya majaribio, na kila mara tulibadili kitu kimoja tu.

Kwanza, karani alinakili kumbukumbu zote za wakulima kwenye flashi, akaiweka mbali. Hilo lifanyike kabla ya matengenezo yoyote. Kisha tulizima mashine, tukachomoa waya wa umeme, na fundi akagusa chuma cha kasha lake ili umeme mdogo wa mwilini usiharibu vifaa. Alitoa kipande kipya, akaacha cha zamani peke yake. Tukaitumia siku tatu. Haikuzimika.

Jaribio la pili: kipande cha zamani kilihamishiwa kwenye nafasi ya kile kipya. Siku nzima haikuzimika. Basi nafasi ile ni nzima.

Jaribio la tatu: kipande kipya kiliwekwa peke yake katika nafasi ya kile cha zamani, ambayo tangu mwanzo haikuwa na kasoro. Kabla ya adhuhuri, kioo kikawa cha buluu. Hapo tukajua. Fundi akaendesha pia programu ya kupima kumbukumbu iliyomo ndani ya Windows, nayo ikaonyesha makosa. Wengine hutumia MemTest86 kwa kazi hiyo hiyo.

Kwa kuwa stakabadhi ya dukani ilikuwa imetunzwa, kipande kilibadilishwa bila malipo. Kipya kingine kilipimwa usiku kucha kabla ya kutumiwa, na mashine ikatulia.

Na zile kilo? Tulilinganisha daftari na stakabadhi za wakulima. Kila kilo iliyopungua ilikuwa ya mtu aliyekuwa akiandikwa saa ile ile mashine ilipozimika. Zikarudishwa zote. Mwenyekiti akasimama mbele ya watu wale wale, akasema, "Mwanangu, utusamehe. Tulikuhukumu upesi." Daftari la shilingi chache lilimwokoa karani yule.

Kuandika hivi si jambo geni. Tarehe 9 Septemba 1947, katika Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani, kompyuta kubwa iliyoitwa Mark II ilileta matatizo. Waendeshaji wake walitafuta ndani, wakamkuta nondo, yule mdudu anayefanana na kipepeo, amenaswa katika swichi. Walimtoa, wakambandika kwa utepe katika daftari la kazi, wakaandika saa na mahali alipopatikana. Daftari hilo limehifadhiwa na jumba la makumbusho mjini Washington.

Kabla ya kuagana, nawapa tahadhari tatu. Kwanza, kilichobadilishwa mwisho kichunguzwe kwanza, lakini si lazima kiwe ndicho kibovu. Pengine ni kizima, ila mkono wa fundi ulilegeza waya wa jirani, au kifaa kipya kinadai umeme mwingi kuliko uwezo wa sanduku la zamani. Pili, vumbi letu jekundu la kiangazi huziba feni. Kasha lisafishwe mashine ikiwa imezimwa na waya umechomolewa. Tatu, sanduku la kugawa umeme lisifunguliwe katu na mtu asiye fundi. Hupokea umeme wa volti 230 na kuugeuza kuwa volti 12, 5 na 3.3 kwa matumizi ya ndani, na hata baada ya kuchomolewa laweza kubaki na umeme wa kumdhuru mtu.

Basi shikeni maneno haya: badili kitu kimoja, jaribu, andika. Njia hii yafaa kwa pikipiki, kwa pampu ya maji na kwa mashine ya kusaga pia.

Mwalimu wa darasa, tafadhali waandikie wanafunzi maswali haya ubaoni:

1. Kwa nini fundi hakuweza kujua kifaa kipi ni kibovu?
2. Karani aliandika mambo gani katika daftari lake?
3. Kwa nini kumbukumbu zilinakiliwa kabla ya majaribio?
4. Piga mistari minne katika daftari lako: tarehe, saa, kilichotokea, kilichobadilishwa. Chagua chombo kimoja cha nyumbani au cha kijijini chenye kasoro, ukiandikie habari zake kwa juma moja.

Juma lijalo msomeane mlichoandika. Nawatakia masomo mema. Kwaherini ya kuonana.