Petroli ya Makaa ya Mawe na Vita Ambayo Ingeweza Kuwa Nyingine



Wapenzi wa historia mbadala hawachoki kuuliza: lau Ujerumani ya Hitler ingejenga viwanda vingi zaidi vya kugeuza makaa ya mawe kuwa petroli, vita ingeishaje? Swali hili lina uzito. Friedrich Bergius aliipatia njia hiyo hataza mwaka 1913, kiwanda cha Leuna kikaanza kuzalisha mwaka 1927, na kufikia mwanzoni mwa 1944 zaidi ya asilimia 90 ya mafuta ya ndege ya Ujerumani yalitoka kwenye mitambo ya namna hiyo.

Lakini wengi huongeza viwanda kwenye karatasi bila kuvilipia. Unga wa makaa ulichanganywa na mafuta mazito, ukaingizwa hidrojeni kwa shinikizo linalozidi la hewa ya kawaida mara 200 hadi 700, katika joto la nyuzi 450 hivi. Matangi ya kustahimili hayo yalihitaji chuma kinene cha hali ya juu, na chuma hicho kiligombewa na watengenezaji wa mizinga. Kila tani ya petroli ilimeza tani kadhaa za makaa ambayo reli na viwanda vya chuma navyo viliyasubiri.

Njia panda ya kweli naiona London, Machi 1944. Jenerali Carl Spaatz alitaka ndege za Marekani zishambulie viwanda vya mafuta. Tarehe 25 Jenerali Eisenhower, kamanda mkuu wa majeshi ya Washirika, akachagua reli za Ufaransa kwanza, ili kuandaa uvamizi wa Normandy. Kuanza kushambulia viwanda vya mafuta mwaka mmoja kabla kusingewezekana kwa urahisi: tarehe 14 Oktoba 1943, juu ya mji wa Schweinfurt nchini Ujerumani, Wamarekani walipoteza ndege 60 za mabomu kwa siku moja, kwa kukosa ndege za kuzisindikiza hadi mbali. Hatimaye Spaatz aliruhusiwa kujaribu kuvishambulia viwanda vya mafuta tarehe 12 Mei 1944. Uzalishaji wa viwanda hivyo, uliokuwa wastani wa tani 316,000 kwa mwezi, ulishuka hadi 17,000 mwezi Septemba. Mafuta ya ndege yakatoka tani 175,000 za Aprili hadi 5,000. Naamini Spaatz alikuwa na hoja yenye nguvu, ingawa lau reli za Ufaransa zingeachwa nzima, askari waliotua Normandy wangekutana na vifaru vingi zaidi.

Limebaki jambo ambalo historia mbadala nyingi hulipita kimyakimya. Huko Blechhammer, katika Silesia, kiwanda cha mafuta kilitumikisha wafungwa Wayahudi, na kuanzia Aprili 1944 kambi yao ikawa tawi la Auschwitz. Utawala ule ulipotaka petroli zaidi, watu zaidi walitiwa utumwani. Nawaomba vijana mnaoandika historia za namna hii: mkiongeza kiwanda, waandikeni na wafungwa wake.